Gita Mgongoni Hadi Ngome Kongwe: Mwongozo Kamili wa Mpiga Gita wa Mtaani Anayekwenda Sauti za Busara

Mara ya kwanza nilipokwenda Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja, gita nililiacha nyumbani Morogoro, juu ya kabati. Nilijiambia mimi si msanii, nakwenda kuangalia tu. Usiku wa pili, jukwaa limeshazimwa, nikapita kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe nikakuta vijana wanne barazani. Mmoja alikuwa na gita la nyuzi tano, wa sita umekatika, na mwenzake anapigia dumu la maji. Wakaniuliza, "Kaka, unapiga?" Nikasema napiga. "Sasa gita lako liko wapi?" Nikakaa pale kupiga makofi mpaka saa tisa za usiku.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu kama mimi wa siku ile: unapiga jioni ukitoka kazini, au kanisani, au kwenye harusi za jirani, hujawahi kupanda jukwaa kubwa, na unadhani tamasha ni la wenye majina.

Sauti za Busara hufanyika Unguja kila Februari, na moyo wake uko ndani ya Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwang'oa Wareno. Tamasha lilianza mwaka 2004. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, kisha likarudi. Si tamasha la gita peke yake, lakini lina sharti moja linalolifanya liwe darasa kwa mpiga gita: muziki wote ni laivu. Hakuna anayeimba juu ya wimbo uliorekodiwa. Kila gita unalolisikia, mtu analipiga mbele ya macho yako, na akikosea unaona jinsi anavyojinasua.

Hatua ya 1: Amua unakwenda kama nani

Milango ni miwili. Wa kwanza ni kuomba kupiga jukwaani. Maombi hufunguliwa na kufungwa miezi mingi kabla ya Februari, na waandaaji wanataka kusikia rekodi na kuona video ya bendi ikipiga laivu. Kama kundi lako halijawahi kupiga saa nzima mbele ya watu bila kusimamasimama, usianzie hapa. Rekodini mazoezi yenu mwaka mzima, halafu muombe.

Mlango wa pili ndio mwongozo huu: unakata tiketi kama mtazamaji, ila unakwenda na gita na kazi ya kufanya. Tiketi huwa za siku moja au za siku zote, na Mtanzania hulipa pungufu kuliko mgeni kutoka ng'ambo, kwa hiyo kitambulisho chako ni pesa. Kama unaweza, chukua ya siku zote. Siku ya kwanza utaitumia kushangaa tu.

Angalia na kalenda ya mwezi. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na miaka hii imesogea mpaka Februari. Ukipanga kubaki Unguja baada ya tamasha ili ukutane na wapigaji wa huko, jua kama mfungo utakuwa umeanza. Mchana migahawa mingi itakuwa imefungwa, na si wakati wa kumwomba mzee wa watu akupigie udi (ile ala ya nyuzi, si wa kufukiza).

Malazi weka mapema. Vyumba vya Mji Mkongwe hujaa na bei hupanda. Mimi hulala Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji nje ya Mji Mkongwe, pande za Michenzani au Kikwajuni, ambako natembea kwa miguu mpaka ngomeni na chai ya asubuhi ni ya bei ya kibinadamu. Ukipiga simu kuulizia chumba, uliza na hili: "Naruhusiwa kupiga gita kwa sauti ya chini?" Nimewahi kufukuzwa kwenye veranda saa tatu za usiku kwa kukosa kuuliza.

Hatua ya 2: Jifunze ridhim kabla ya solo

Anza miezi miwili kabla. Watu wengi hujiandaa kwa kukariri solo moja kali ya kutambia watu. Barazani solo hiyo utaipiga mara moja, dakika moja, halafu utakuwa huna la kufanya. Anayeitwa tena kesho yake ni yule anayeweza kushika ridhim, yaani mdundo wa kodi unaojirudia chini ya wimbo, dakika ishirini bila kuyumba.

Muziki wetu wa dansi ulijengwa hivyo. Gita la solo, second solo, ridhim na besi, kila moja lina kijisehemu chake kidogo, na utamu unatokea pale vijisehemu vinapoumana. Chukua wimbo wowote wa zamani wa bendi ya Mlimani Park, au wa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz (mimi ni mtu wa Morogoro, nisamehe), uusikilize wiki nzima ukifuata gita la ridhim peke yake. Siku mbili za mwanzo utaona kama halipo. Ukishalipata, lipige pamoja nalo mpaka mkono uchoke.

Ukitarajia kupiga peke yako, mwalimu ni mwingine: Jean-Bosco Mwenda, yule Mwenda wa Bayeke wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa. Yeye kwa kidole gumba na cha shahada alipiga besi na wimbo kwa pamoja. Kwa mtu mmoja barazani huo ni utajiri. Kwa watu wanne ni fujo, maana unamnyang'anya kila mtu nafasi yake.

Mahitaji ya chini kabisa ni haya. Jua kodi tatu kuu (za gita, si za TRA) katika funguo za C, D, G na A, uweze kuhama kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine bila kuangalia vidole. Jua nyimbo tano ambazo mtu mwingine anaweza kuziimba, mojawapo iwe ya sauti ya huzuni, yaani ya maina, na nyingine iwe ya mwendo wa sita kwa nane, ule ambao ngoma zetu nyingi za pwani zinautumia. Na nunua kapo, kile kibanio cha shingoni mwa gita kinachopandisha sauti ya nyuzi zote. Mwimbaji akisema "panda kidogo", kapo litakuokoa.

Hatua ya 3: Gita lipi, na ulifungashe vipi

Usiende na gita unalolipenda kuliko wote. Nenda na la akustika la bei ya kawaida, lenye shingo iliyonyooka na linaloshika tyuni. Kama lina pikapu, yaani kinasa sauti cha kuchomeka kwenye spika, vizuri; beba na betri mpya ya volti 9, kwa sababu ya zamani hufa siku hiyo hiyo unayoihitaji.

Kwenye begi weka kitambaa kikavu, tyuna ya kubana kichwani mwa gita, piki nne (mbili zitapotea, moja utaazimwa), waya wako mwenyewe wa kuchomeka, daftari dogo, na seti mbili za nyuzi. Seti ya pili si yako. Utaelewa baadaye.

Adui wa gita Unguja ni wawili. Wa kwanza ni chumvi ya bahari, ambayo huanza kutia kutu nyuzi za chuma ndani ya siku chache. Futa kila uzi, juu na chini, kila unapomaliza kupiga. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu vipya usivitupe. Vitatu ndani ya begi hupunguza unyevu. Adui wa pili ni joto. Gita lililoachwa kwenye gari lililofungwa, juani, gundi yake hulegea na daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gita, huanza kunyanyuka. Ukiona uwazi wa unene wa karatasi chini ya daraja, legeza nyuzi hapo hapo upeleke kwa fundi.

Hatua ya 4: Safari

Kutoka bara wengi tunavuka kwa boti ya kasi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kama saa mbili hivi. Panda na gita lako ndani, likae katikati ya magoti. Usilikubali liende chini na mizigo mikubwa, wala usilisimamishe kwenye sitaha juani. Februari upepo ni wa kaskazi na kuna siku boti hucheza, kwa hiyo lishike.

Hatari kubwa zaidi kwa uzoefu wangu haiko baharini. Ni bodaboda ya kutoka stesheni ya treni kwenda bandarini. Shingo ya gita hutokeza juu ya kichwa chako na dereva hana habari nayo, na anapopita chini ya turubai la muuza mitumba wewe unainama, gita haliinami. Chukua bajaji.

Hatua ya 5: Fika siku moja kabla

Tyuni gita ukifika, uliache lipumzike, ulityuni tena asubuhi. Mbao zimehama hali ya hewa na zinahitaji muda.

Halafu tembea bila gita. Ijue njia ya kutoka unakolala mpaka ngomeni mchana, kwa sababu usiku vichochoro vya Mji Mkongwe vyote hufanana. Ukipata ratiba ya wasanii, weka alama kwenye bendi tatu tu kwa usiku mmoja ambazo utazitazama kama mwanafunzi. Zilizobaki cheza, kula urojo pale Forodhani, furahi. Tamasha hufunguliwa kwa gwaride la mitaani lenye beni na ngoma. Lifuate kwa miguu, uone jinsi wapigaji wanavyoshika mwendo mmoja huku wanatembea.

Hatua ya 6: Tazama mikono

Ndani ya ngome, mpigaji wa mkono wa kulia shingo ya gita lake huelekea kulia kwako wewe mtazamaji. Kwa hiyo simama katikati, kisha sogea hatua chache kulia, karibu uwezavyo bila kuwa mbele ya spika. Hapo utaona mkono wa kushoto unaobana kodi na wa kulia unaocharaza.

Wimbo wa kwanza wa kila bendi mtazame mpiga ridhim pekee. Jiulize: anapiga juu ya pigo au kati ya mapigo? Ananyamaza lini? Mpiga solo akiingia, yeye anapunguza nini? Andika neno moja moja daftarini. Riwaya utaiandika nyumbani. Simu itumie kurekodi sekunde thelathini za kitu ulichokiona na kushindwa kukielewa, halafu irudishe mfukoni. Nimerekodi nyimbo nzima nikiwa na simu juu kama mnara, na hata moja sijairudia kuisikiliza.

Masikio yana bei. Kipimo kinachotumika makazini husema desibeli 85 ni salama kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda hupungua nusu. Maana yake ni kwamba kwenye desibeli 100, ambazo ni kitu cha kawaida karibu na spika za tamasha, una dakika 15. Vizibo vya sponji vya dukani vinatosha. Pamba haisaidii kitu.

Hatua ya 7: Kuongea na waliopiga

Mpigaji akishuka jukwaani amelowa jasho, mwache anywe maji. Kesho yake mchana utamkuta anatembea au amekaa kahawani kama mtu mwingine yeyote.

Anza na salamu, si na sifa. Mtu mzima mpe shikamoo, umwite mzee, au maalim kama anafundisha, au fundi. Unguja neno fundi kwa mpiga ala ni heshima kubwa. Halafu uliza swali moja, dogo, linaloonyesha ulitazama: "Maalim, jana kwenye wimbo wa tatu niliona unaacha uzi wa juu wazi. Kwa nini?" Swali la namna hiyo limewahi kunipatia nusu saa ya somo na kahawa. Swali la "nifanyeje niwe kama wewe?" hupata tabasamu tu.

Usiombe kupiga gita lake. Akikupa mwenyewe, kaa chini kwanza ndipo ulipokee.

Hatua ya 8: Kupiga pamoja, na pale taarabu inapokukuta

Baada ya maonyesho, na hata mchana, utakuta watu wanapiga barazani, kwenye mikahawa, ufukweni. Kuna adabu yake. Sikiliza wimbo mzima kabla ya kufungua begi. Ulizia ufunguo kwa sauti ya chini. Ingia taratibu, chini ya sauti ya mwimbaji, na ubeti wa kwanza piga kodi moja tu kwa kila pigo kubwa. Kama kuna gita lingine linapiga chini, wewe panda juu na kapo, au unyamaze kabisa na kugonga mwendo kwenye ubao. Solo huiombi, utapewa kwa jicho.

Haya yote yatakusaidia kwenye dansi, benga, rege na kwaya. Kisha atatokea mtu na udi au fidla, na elimu yako ya gita itagonga ukuta.

Unguja ni nyumba ya taarabu. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na chuo cha muziki cha Dhow Countries kimekuwa kikifundisha udi, qanun (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) na kidumbaki (taarabu ya mtaani yenye ngoma ndogo) tangu 2002. Taarabu hii inafuata maqamu za Kiarabu, yaani skeli au mipangilio ya sauti, na baadhi ya maqamu zina robo toni, yaani sauti iliyo katikati ya freti mbili za gita lako. Udi hauna freti, kwa hiyo mpiga udi anaipata kwa kuteleza kidole. Wewe freti zako ni vyuma vilivyopigiliwa. Ukibana ya juu unamkosea, ukibana ya chini unamkosea.

Dawa ni kuuliza jina la maqamu kabla hujagusa uzi. Akisema ajam, hiyo ni kama skeli ya meja, ile ya do-re-mi, piga kwa raha. Nahawandi ni maina, piga. Hijazi nayo inawezekana: ukianzia D ni D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Ile ruka ya kati ya E flati na F shapu ndiyo inayoleta ladha, kwa hiyo usiipite haraka. Lakini akisema rasti au bayati, robo toni zimo. Hapo acha kodi kabisa, kwa sababu robo toni ya rasti iko kwenye sauti ya tatu ya skeli, ya bayati iko kwenye ya pili, na kodi zako zitagombana na udi. Baki na sauti tatu tu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Kwa bayati ya D ni D, G na A. Zipige chini, polepole, kama besi. Utaonekana mtu mwenye akili, na kwa kweli utakuwa umefanya jambo la akili.

Ukipata kundi la kidumbaki, kaa karibu na mpiga sanduku. Ni besi ya uzi mmoja, fimbo na boksi la mbao. Mtazame anavyotoa mwendo wa kuwachezesha watu kwa uzi mmoja, halafu fikiria zako sita.

Hatua ya 9: Ukiitwa jukwaani

Kuna mikahawa huwa na usiku wa jukwaa wazi siku za tamasha. Jiandikishe mapema, peleka wimbo mmoja ulioupiga mara mia, si ule mpya.

Rafiki yako pale ni fundi mitambo. Mweleze kwa sentensi moja: "Gita ni la akustika, lina pikapu, naimba na kupiga, naomba nijisikie kwenye monita." Zima sauti ya gita kabla ya kuchomeka waya na kabla ya kuuchomoa, ule mlio wa "pwaa!" huwaudhi mafundi wote duniani. Likilia kwa kukoroma, geuka usiangaliane na spika, na umwombe apunguze besi. Usitubie makosa kwenye maiki. Uzi ukikatika, malizia wimbo.

Hatua ya 10: Adabu za mji

Mji Mkongwe watu wanaishi, wanalea, wanaswali. Adhana ikianza, nyamaza, hata kama uko katikati ya kiitikio. Vaa cha kukusitiri unapokuwa mitaani. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Chini ya dirisha la mtu, baada ya saa nne usiku, gita likae begini mpaka mfike mahali pa wazi. Ukirudi usiku mkubwa tembea na wenzako.

Hatua ya 11: Wiki ya kurudi

Badilisha nyuzi zote, hata zikionekana nzima. Pangusa freti. Kaa na daftari ndani ya siku mbili, kabla ya mwandiko wako kugeuka fumbo, na uchague vitu viwili tu vya kufanyia kazi mwezi huo. Wapigie simu watu uliopeana namba nao. Usisubiri Februari nyingine.

Mwaka uliofuata nilirudi na gita. Kichochoro kile kile, baraza lile lile, na yule kijana alikuwa bado na nyuzi tano, safari hii umekosekana uzi mwingine. Nikatoa ile seti ya pili. Akachagua mmoja, akaufunga kwa mwanga wa simu ya mwenzake, sisi wengine tukakaa kimya tukimngoja auvute mpaka ushike sauti.